Dhamana ya Polisi katika Nchi ya Sungusungu

Msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega hupita Puge pasipo kugeuza uso, kwani lami imeifupisha safari ile ya kilomita 115 hata imekuwa haichoshi, na Puge, iliyo karibu na katikati yake, imebaki kuwa mahali ambapo basi hupunguza mwendo, vijana wakakimbilia madirishani na mafungu ya karanga, kondakta akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, na safari ikaendelea. Katika karne ya 19 mambo hayakuwa hivyo. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, iligawanyika, mkono mmoja ukaelekea Ujiji na mwingine ukashika kaskazini kuikata nchi hii ya Nzega hadi Usukuma, upande ule ule alioelekea msafiri Mwingereza Speke mwaka 1858 alipotoka Kaze, yaani Tabora ya zamani, kwenda kulitafuta ziwa. Na msafara uliopita katika himaya ya mtemi ulilipa hongo ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba, nao kwa malipo hayo ulikuwa na haki ya kutazamia maji, ruhusa ya kununua chakula, na amani mpaka kwenye mpaka wa mtemi wa pili. Amani hiyo ilipokosekana, kama ilivyokosekana mwaka 1871 wakati wa vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, misafara iligeuza njia; Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Watemi wale hawakuwa malaika, na wengi wao walitoza kwa tamaa. Lakini mamlaka yao juu ya njia yalikuwa na jambo moja ambalo mimi, niliyevaa sare ya polisi tangu ujana hadi kustaafu na sasa ninalima mpunga na alizeti upande huu wa Puge, nimelikumbuka mara nyingi: mwenye kutoa alijua anatoa kwa ajili ya nini, na aliyepokea alijua atadaiwa nini. Ninayoyaandika hapa ni rai zangu, wala simsemei mtu mwingine yeyote.

Jeshi la polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, baada ya Wajerumani kuondolewa, na yafaa raia ajue kwamba halikuzaliwa kwa mfano wa yule polisi wa London asiye na bunduki aliyewekwa na Robert Peel mwaka 1829 atembee mitaani akijulikana kwa jina. Makoloni yalipewa mfano mwingine, wa polisi wa Ireland: askari mwenye silaha, akaaye kambini mbali na watu, aliyeletwa kutoka kwingine ili asimwonee haya mtu, na ambaye hesabu yake ya utumishi humtolea bwana mkubwa aliye juu, si mwanakijiji aliye mbele yake. Uhuru ulibadilisha bendera na nembo ya kofia, na sheria ya mwaka 1969 ikaandika upya wajibu wa Jeshi kwa maneno mazuri. Kambi, uhamisho na desturi ya kutazama juu vikabaki. Mimi mwenyewe nilipotoka depo ya mafunzo ya polisi, Moshi, nilipangiwa mkoa ambao lugha ya mabibi wa sokoni sikuijua hata salamu, na nilipoanza kuijua, nikahamishwa.

Siutukani uhamisho. Askari akikaa mno mahali huoa, hununua shamba, huwa shemeji wa mwizi na mjomba wa mlalamikaji, na siku ya kumfunga mtu pingu mkono humtetemeka. Hata hivyo lazima isemwe kwamba askari asiyejua Kinyamwezi wala Kisukuma, akaaye Puge miaka mitatu, husikia theluthi tu ya yanayosemwa juu yake, na hiyo theluthi huipata kwa mkalimani ambaye ana shauri lake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa magharibi hawajalisahau, ingawa vijana wetu wengi hawalijui. Katika miaka ya 1970 mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi yalizidi sana katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo ndiyo majirani wetu wa kaskazini, na waliouawa hasa walikuwa wanawake vikongwe. Dhambi ya wengi wao ilikuwa macho mekundu, nayo macho yale yaliwekwa mekundu na moshi wa samadi ya ng'ombe na kuni mbichi walizopikia umri wao wote. Serikali iliamuru mauaji yakomeshwe, na amri hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Polisi na maofisa wa usalama wakakamata watu kwa mamia. Kisha, kwa kuwa ushahidi haukupatikana upesi kama amri ilivyotaka, wakageukia mateso ili kuungamisha, na baadhi ya mahabusu wakafia mikononi mwao mwaka 1976. Habari zilipofika juu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye hakuwako wala hakutoa amri ya kumtesa mtu, alijiuzulu Januari 1977, na viongozi wengine wakajiuzulu pia. Maofisa kadhaa wakafikishwa mahakamani.

Kujiuzulu kule kumesifiwa kwa kalamu na kwa ndimi, na Mzee Mwinyi alipofariki Februari 2024 kulisifiwa tena, kwa haki. Lakini nimeona kwamba husifiwa kama jamala ya mtu mmoja mwungwana, kana kwamba ni tabia yake tu iliyomtuma, wala si kama kanuni iliyopaswa kushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mkuu wa kituo mwenye vyumba viwili na mahabusu mmoja. Waziri alijibu kwa makosa yaliyotendwa mamia ya maili kutoka ofisini kwake. Na mimi nimewajua wakuu wa vituo, sitawataja wala sitataja vituo vyao, ambao hawakujibu kwa kilichotendwa nyuma ya ukuta waliouegemea. Jambo jingine katika kisa kile lanitia uchungu zaidi: askari waliotesa walikuwa wametumwa kuwaokoa vikongwe. Dhuluma ile ilizaliwa na wajibu mwema uliofanywa kwa pupa, na aliyewahi kupigiwa simu na mkubwa akiambiwa anataka mtuhumiwa kabla ya jua kuchwa anaelewa jinsi mlango wa namna hiyo unavyofunguka.

Baada ya hapo vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na silaha nyingi zilizotoka vitani zikaingia mikononi mwa majambazi. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa fimbo na mishale, ukawa wa bunduki. Mfugaji aliyeibiwa alitembea hadi kituoni, akaambiwa hakuna gari, au gari lipo na petroli hakuna, au petroli itapatikana akiinunua yeye. Na mwizi aliyekamatwa kwa taabu kubwa alionekana mnadani juma lililofuata akitafuna mishikaki. Ndipo kati ya mwaka 1981 na 1982, kuanzia Kahama na kusambaa Nzega, Shinyanga, Mwanza na kwingineko kwa kasi iliyowashangaza watawala, vijiji vikajiundia ulinzi wao wenyewe ulioitwa Sungusungu, na wengine wakauita Basalama. Kila kijiji kilichagua mtemi wake wa ulinzi, mwandishi na makamanda. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na upinde na mishale. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa au filimbi ilipolia, asiyetoka alitozwa. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa usiku kwa usiku hadi mpaka wa kijiji, na pale zilikabidhiwa kijiji cha pili kiziendeleze, hata mwizi akakuta kwamba nchi nzima imekuwa na macho.

Askari wa wakati ule tuliwachukia, na si vema kuficha. Tuliona wanatuvunjia heshima, na baadhi ya viongozi wao walikamatwa kwa kuua na kujeruhi watuhumiwa, makosa ambayo kweli yalitendwa. Chama na Mwalimu Nyerere wakasimama upande wao, wakiwaona kuwa ni wananchi wanaojilinda. Na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria iliyowapa Sungusungu uwezo wa kukamata sawa na wa konstebo wa polisi, Rais akiwa ni yule yule Mzee Mwinyi aliyejiuzulu miaka 12 kabla kwa ajili ya mateso ya polisi. Iliniuma wakati ule. Kijana wa depo aliyehenyeka kwa miezi asubuhi na jioni katika uwanja wa gwaride alikuta mkulima mwenye upinde amepewa mkono wa sheria ulio na urefu sawa na wake.

Umri umenifundisha kulitazama jambo lile kwa insafu. Wanavijiji hawakutunyang'anya mamlaka. Waliyakuta yamelala njiani, wakayaokota. Walichokuwa nacho Sungusungu, na sisi hatukuwa nacho, si ujasiri wala silaha, maana bunduki tulikuwa nazo sisi. Walikuwa wanajibu. Shauri lilisemwa hadharani chini ya mti, mlalamikaji akasikia kila neno, faini ikatajwa kwa idadi ya ng'ombe au mbuzi, na kila mtu akajua ng'ombe wale wamekwenda zizi gani. Kituoni kwetu mtu alieleza msiba wake juu ya kaunta, askari akaandika au hakuandika, akapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa, juu ya kipande cha karatasi, na tangu hapo neno lake likaingia gizani. Hakujua jalada liko kwa nani, wala kwa nini mtuhumiwa ameachiwa.

Hili la kuachiwa lataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linalotuvunjia imani ya watu kuliko jingine lolote. Sheria yataka mtu aliyekamatwa bila ya hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, na dhamana ni haki yake katika makosa mengi, haiuzwi. Mwanakijiji aliyeshinda siku mbili akimfuata mwizi porini, akimwona jioni ya siku ya tatu amekaa kwenye kibanda cha kahawa, hana namna ya kutofautisha dhamana ya halali na rushwa ya haramu, kwa maana zote mbili humtoa mtu kwa mlango ule ule. Na polisi, ambaye angeweza kumweleza kwa dakika 5, hunyamaza. Mwema hunyamaza kwa kudhani kueleza ni kujidhalilisha, na mla rushwa hunyamaza kwa sababu anazozijua. Basi mwadilifu na mwizi wa sare huonekana sura moja, na mwadilifu ndiye mwenye hasara.

Asije mtu akadhani kwamba nawataka Sungusungu washike kila kitu. Nilipokuwa kwenye kituo kimoja kidogo, waliletwa kwangu asubuhi moja watu wapatao 40 wenye pinde, na katikati yao kijana aliyefungwa mikono nyuma kwa kamba ya katani, shingoni wamemvika ngozi mbichi ya mtamba ambayo bado ilitona damu juu ya miguu yake. Nikawaamkia, "Mwangaluka," wakaitika kwa sauti moja kama wafanyavyo. Nikauliza ni nani aliyemwona akiiba. Wa kwanza akasema amesikia kwa wa pili, wa pili amesikia kwa wa tatu, na wa tatu akasema, "Afande, huyu tunamjua." Nikaitandaza ngozi chini, nikatafuta chapa: ilikuwako kwenye paja, lakini haikuwa ya mlalamikaji, naye mlalamikaji mwenyewe, mzee mkweli, akakubali kwamba si yake, kisha akaongeza kwamba mwizi hashindwi kuwa na ngozi ya mtu mwingine. Nikamfungua kijana kamba, nikaandika maelezo yake na ya wengine sita, nikampa fomu ya PF3 ya matibabu aende zahanati, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na jioni nikamwachia kwa dhamana ya mjomba wake. Shauri lile halikufika mbali. Mpaka leo sijui kama aliiba au hakuiba. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo nikipita sokoni watu waligeuka kutazama mchele.

Kutojua kule ndiko nilikolipiwa mshahara. Umma una haki ya kughadhibika, na aliyeibiwa ana haki ya kuwa na hakika hata kama hana ithibati. Lazima awepo mtu mmoja katika kata ambaye kazi yake ni kushuku, na kushuku kwake kuwe kwa pande zote, amshuku mtuhumiwa, amshuku mlalamikaji, aushuku na umati wenye pinde. Sungusungu hodari walikuwa na kila sifa ila hiyo. Adhabu yao kali haikuwa viboko; ilikuwa ni kumtenga mtu, asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asizikiwe maiti wake, na adhabu kama hiyo ikimwangukia asiye na hatia hakuna mahakama ya rufani inayoweza kumrudishia majirani. Vikongwe wa macho mekundu nao walihukumiwa kwa hoja ile ile ya "tunamjua".

Mwaka 2009, wakati mauaji ya ndugu zetu albino yalipoitia nchi aibu mbele ya ulimwengu, Serikali ilipigisha kura ya siri katika mikoa yetu, wananchi wakaandika majina ya wale waliowashuku na kuyatumbukiza katika masanduku. Wengi waliona ni hekima. Mimi niliona mambo mawili yanayogombana, na mpaka sasa sijayapatanisha. La kwanza, ilikuwa ni ungamo la hadhara kwamba mtu mwenye habari za mauaji hathubutu kuja kituoni kuzisema, kwa kuogopa kwamba jina lake litamfikia muuaji kabla yeye hajafika nyumbani. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. La pili, jina ndani ya sanduku ni shutuma isiyo na mwenyewe, ambayo huwezi kuiuliza uliona nini, ulikuwa umesimama wapi, mwezi ulikuwa unawaka au la. Mwenye shamba linalopakana na la jirani yake angeweza kuandika jina kwa ajili ya mpaka. Polisi aliyepokea orodha ile alikuwa na wajibu wa kuifanya kuwa mwanzo wa upelelezi, wala isiwe mwisho wake.

Tangu mwaka 2006, Inspekta Jenerali Said Mwema aliposhika uongozi wa Jeshi, tumesikia habari za polisi jamii na ulinzi shirikishi, na siku hizi wapo wakaguzi waliopangwa kata kwa kata, walale na kuamka pamoja na watu. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan taarifa iliyosema mengi mazito juu ya Jeshi la Polisi, na mengine katika hayo yangeliweza kusemwa na mama yeyote auzaye mchicha Puge, isipokuwa yeye hakuulizwa kabla. Nahofia kwamba tutaridhika na vyeo na semina. Mkaguzi wa kata akipewa nyota begani na asipewe petroli, mlalamikaji ataendelea kuombwa fedha ya mafuta. Na aliyenunua mafuta ya pikipiki ya polisi hawezi kulaumiwa akidhani kwamba amemnunua na polisi mwenyewe. Pale ndipo rushwa nyingi huanzia: kwa ukosefu wa kweli, na kwa mkono uliozoea.

Nina shauri moja, ambalo wenzangu wa zamani wakilisikia hutikisa kichwa. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau kila baada ya miezi mitatu. Mkaguzi wa kata na asimame pale, baada ya mtendaji kusoma mapato na matumizi, naye asome yake: taarifa ngapi zimeandikwa tangu mkutano uliopita, majalada mangapi yamekwenda mahakamani, mangapi yamefungwa na kwa sababu gani, nani waliopewa dhamana na sheria yasemaje juu yao, majina ya watoa habari ayafiche, na yale ya upelelezi usiokwisha ayaache. Wenzangu husema kwamba jambo hilo litalishushia Jeshi hadhi, na kwamba raia wa Puge hatapata usingizi akijua mambo mengi namna hiyo. Mimi nawajibu kwamba raia wa Puge amefuata nyayo za ng'ombe gizani akiwa na mishale miwili na mkuki wa babu yake, na orodha ya majalada haitamtisha. Wengine husema muda hautoshi. Siku ya mkutano inajulikana, vijiji vya kata vinahesabika kwa vidole, na pikipiki, maadamu itatiwa petroli ya Serikali, inafika kote kabla ya adhuhuri.